Programu Inayoishi Brazili

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefungua duka saa mbili. Nimefagia, nimewasha feni, nimefunika kiti cha Athmani kwa kanga yangu kuukuu ili wateja wasikikalie. Miezi saba sasa tangu tumzike.

Kompyuta ya zahanati, ile iliyo karibu na uwanja wa Tononoka, imekufa. Diski haisomeki. Nimewawekea mpya, na programu ya karatasi ya dawa nimeitoa kwenye flashi. Kila asubuhi huchapa nani ameze nini na saa ngapi. Athmani aliiandika, mimi niliijaribu. Ndivyo tulivyofanya kazi tangu tuoane: mume anaandika, mke anatafuta palipoharibika. Programu zake nyingine zote zimeshaondolewa walikozinunua. Imebaki hii.

Katika faili la kuianzishia nimekuta kosa. Majira ya Afrika Mashariki huandikwa EAT-3. Yeye kaandika EAT3. Alama ile huenda kinyume na mtu anavyodhani: aliye mbele ya Griniwichi ndiye anayewekewa kistari. Wengi hukosea. Nikakiweka kistari. Nikacheka peke yangu. Ningekosea mimi, angenitania mwaka mzima.

Jumanne, 9 Septemba

Simu ya Matroni Mwikali wa zahanati kabla sijanywa chai.

"Bi Mwanaisha, karatasi yenu inasema Mzee Ali ameze dawa ya presha saa nane. Ya mchana ama ya usiku? Huyu mzee anameza saa mbili asubuhi tangu nimjue. Ama kompyuta mpya imekuja na saa za Ulaya?"

Nimeomba radhi. Hakuna aliyedhurika, wauguzi wanawajua wagonjwa wao. Lakini kanipa mpaka Ijumaa. Isipotengenea wanaitoa, wanarudi kwenye daftari. Ana haki. Dawa si mchezo.

Tofauti ni saa sita kamili. Hilo halinishindi: mashine inahesabu Kizungu, sisi tunahesabu tangu jua kutoka. Saa nane yao ya asubuhi ndiyo saa mbili yetu. Basi lazima ndani ya programu kuna mstari unaopunguza sita, na umekwama.

Nimeisoma programu yote, juu mpaka chini, mara mbili. Mstari huo haumo.

Nimeogopa. Labda nakala iliyo kamili ilikuwa kwenye diski iliyokufa. Labda nilicho nacho ni rasimu.

Jumatano, 10 Septemba

Shemeji Salim, mdogo wake Athmani, kaja na kahawa. Kasimama mlangoni kama kawaida yake, hataki kukiona kile kiti.

"Shemeji, waache wanunue nyingine. Wewe wamng'ang'ania marehemu."

Nimemwambia namng'ang'ania mteja. Kacheka. Mimi sikucheka. Ni kweli namng'ang'ania marehemu.

Katuachia kashata mbili. Kasema "katika sahani yenu." Bado hutuhesabu wawili. Athmani alikuwa akitafuna kashata na kusema programu hii inaishi Brazili. Alisema mara nyingi. Alikuwa shabiki wa timu yao, nikaona ni mambo ya mpira. Sikumuuliza.

Alasiri nimeiendesha programu ndani ya debaga, chombo cha kuisimamisha programu hatua kwa hatua ukaichungulia ndani. Nilitaka kuiona ikikosea.

Haikukosea. Saa mbili. Mzee Ali, saa mbili.

Nikaitoa nje ya debaga, nikaiendesha kama kawaida: saa nane. Nikairudisha ndani: saa mbili. Mashine ile ile, programu ile ile. Nimefanya mara tisa.

Nimefurahi mno. Kwa hiyo haijapungua kitu. Si rasimu. Tatizo liko nje ya programu, na nje ya programu ndiko kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku nzima dukani. Mlango nimeurudisha nusu.

Programu ikianza hupewa mlangoni orodha ya maneno: jina la mtumiaji, lugha, mahali pa faili, majira. Vigeu vya mazingira. Nimechapa orodha mbili, ile inayopewa nje na ile inayopewa na debaga. Nimezilaza mezani na penseli.

Debaga yaongeza maneno yake mawili, upana wa dirisha na urefu wake. Nimeyaondoa. Bado saa mbili. Si hayo.

Nimetia neno langu mwenyewe, MWANAISHA, nione kama debaga huyaharibu yanayopita. Limefika salama, herufi zote. Si mwizi.

Nikaendelea mstari kwa mstari, nafuta yanayofanana. Imebaki mistari miwili. Nje: EAT-3. Ndani: EAT3.

Kistari changu.

Nikaiamuru debaga iipe programu EAT-3. Saa nane. EAT3. Saa mbili. Nikarudia ili nisijidanganye.

Kisha nimelitafuta lilikotoka. Kuna faili dogo ambalo debaga hulisoma kila inapoamka. Lilikuja kwenye flashi pamoja na folda yake. Mstari mmoja tu ndani: kabla ya kuianzisha programu yoyote, ipe majira EAT3. Aliandika mahali pawili. Mtu hakosei kwa namna ile ile mahali pawili.

Hapo ndipo Brazili iliponijia.

Brazili iko saa tatu nyuma ya Griniwichi. Sisi tuko saa tatu mbele. Baina yetu ni sita. Hakupunguza sita popote kwa sababu hakuhitaji. Aliiambia programu kwamba iko Brazili, nayo ikasoma saa kama anavyosoma mtu wa Mombasa.

Hakukosea. Nilimsahihisha mtu aliyekuwa sahihi, na hayupo kujitetea. Nimeweka kichwa juu ya meza nikalia. Kisha nimekifuta kistari. Chini yake nimeandika maelezo, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa maelezo: Usiongeze alama hapa. Hizi ni saa zetu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda asubuhi, kabla ya watu kwenda msikitini. Matroni kaiendesha mwenyewe. Mkono kiunoni, macho mara karatasini, mara kwenye saa ya ukutani.

"Mzee Ali?"

Saa mbili. Wengine wote vilevile. Kalinganisha na daftari mgonjwa mmoja mmoja, sikumharakisha.

Nimemwambia kosa lilikuwa langu. Si la mashine wala la Athmani. Nimemweleza yote. Kicheko chake kimemfanya Mzee Ali aulize kuna nini.

"Mzee, dawa zako zinatoka Brazili!"

"Ndiyo maana chungu," Mzee Ali kasema.

Daftari limerudi kabatini. Programu inabaki.

Jumapili, 14 Septemba

Nyumbani, Mji wa Kale. Sijaenda popote. Nimefua, nimeanika kanga ya kitini pamoja na nguo nyingine. Kesho sitakifunika kiti tena. Nitakikalia mimi, kile cha kwangu kimelegea mguu.

Nimekunywa kahawa saa mbili, na kashata moja. Nimetazama kwenye simu Brazili ni saa ngapi. Imeandika 2:00. Kwao ni usiku bado, wamelala.

Nimeosha kikombe.