Gari Silitoi

Shemeji,

Huku hatujambo. Wanao wanakusalimu, yule mdogo ameng'oka jino la mbele na anacheka kwa kujidai.

Barua yako nimeisoma. Unataka nihame nyumba, tena unataka gari la marehemu kaka yako, eti mimi silimudu. Kweli lilinitesa. Nikikanyaga mafuta lilikuwa linasita kwanza, kisha linaruka. Juzi lilisita katikati ya makutano, lori likanipigia honi. Nililia, kisha nikalipeleka kwa fundi.

Alichomeka kompyuta yake kwenye ile ya gari. "Injini ni nzima, mama, imewekewa uvivu tu." Akabadilisha mpangilio, akaniambia nikanyage. Shemeji, liliitika papo hapo! Nilipiga kelele mpaka fundi akacheka.

Sasa watoto nawapeleka shule mwenyewe, na mikate yangu naisambaza madukani mwenyewe. Kwa hiyo gari silitoi, na nyumba niliyojenga na mume wangu sihami. Ukitaka kubishana, njoo. Nitakuja kukupokea stendi, na utakaa kiti cha abiria.

Ni mimi, mke wa kaka yako.