Labda Tatu za Daktari

Mpendae,
Unguja.
9 Novemba, 1969

Mpendwa mwanangu Muhiddin,

Marahaba ya shikamoo yako. Vipi afya, na kifua chako na baridi ya Leipzig? Mama yako, dada yangu Kazija, mzima, ila kila siku anauliza kama huko unavaa soksi. Mimi nipo, saa za watu natengeneza, macho ndiyo yanapungua. Na ikiwa kuna aliyeifungua barua hii njiani, naye namsalimu. Asome taratibu, siasa hamna.

Habari nzito ni ya binamu yako Wanu. Mwaka jana mguu wa kushoto ulikufa ganzi, ukapona. Kisha jicho likaingia ukungu, likapona. Sasa miguu yote miwili imelegea, hata msalani haendi ila kwa kushikwa mkono.

Tulianza nyumbani, kama ujuavyo. Mganga akamfunika blangeti juu ya chungu cha majani yanayochemka. Alipotoka, lile jicho halikuona kitu mpaka mwili ulipopoa. Watu wakasema shetani kakasirika. Mimi nikaona ni joto, maana hata jua la mchana humfanya vivyo hivyo. Basi tukenda hospitali.

Daktari ni Mjerumani. Kiingereza chake kinachechemea, na changu nimejifundisha kwenye vitabu vya saa. Tukaelewana vizuri mno. Alisema ni maradhi ya mishipa ya fahamu, kwetu huku adimu sana, na sababu yake haijulikani. Wako wataalamu wanaoshuku vijidudu vya ukoo wa tetekuwanga, vinavyolala mwilini miaka na miaka. Labda hivyo, labda vingine, labda si vijidudu kabisa.

Hapa ndipo nilipoharibu, Muhiddin. Benchi zima lilikuwa likinitazama. Labda zote tatu nikazimeza, nikamtafsiria mama yake Wanu, mama yako mkubwa Mwanapili: "Ni ile tetekuwanga ya utotoni."

Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka minne. Ulipotokwa na tetekuwanga, Mwanapili alimlaza Wanu nawe mkeka mmoja, aipate mapema yaishe, kama walivyofanya mama zetu wote. Sasa anasema kamlemaza mwanawe kwa mkono wake. Chumbani kwa Wanu haingii. Chakula anakiacha mlangoni. Na Wanu anadhani mama yake anamwonea kinyaa. Juzi kaniambia, "Mjomba, nimekuwa jiko la moto? Mama ananipitia mbali." Akacheka. Mimi nikatazama dirishani.

Mwanapili nshamwambia kuwa nilizidisha. Akanijibu, "Siku ile ulikuwa na uhakika, Shaame. Leo una huruma tu."

Wewe ndiye unayesomea udaktari, na ndiye uliyelala mkeka ule. Waulize walimu wako, kisha umwandikie mama yako mkubwa haraka. Usimpambie. Mwambie lijulikanalo na lisilojulikana. Mwambie mtaa mzima tuliugua tetekuwanga na tunatembea. Na kama shaka ipo kweli, iandike nayo, kwa ukubwa wake, isizidi.

Kazija anakusalimu, na Wanu pia. Yeye anataka chokoleti. Mola akuhifadhi na theluji, akurejeshe kwetu na elimu yako.

Barua yako Mwanapili atasomewa na Sichana, binti wa nyumba ya pili; kasema wazi kuwa si mimi. Basi andika hati ya kusomeka, na labda zako zipigie mstari.

Mjomba wako akupendaye,
Shaame