Ngozi ya Kinanda

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Zinga. Sote wazima, na mihogo mwaka huu imekubali. Ila picha yako! Wewe, na mtandio wako, unapiga kinanda cha kanisa huko ughaibuni! Mjomba wako aliponisomea habari ile, nilimwambia anisomee tena. Nawe unauliza kama nimekasirika.

Baba yangu alizikwa Jumapili, Bagamoyo. Kanisa lilikuwa jirani yetu, na kinanda kilikuwa kikivuma. Jeneza lilipopita, kikanyamaza katikati ya wimbo. Sisi wanawake tuliobaki nyumbani tukatazamana kwa hofu.

Baadaye mpiga kinanda akaja msibani, macho mekundu. Akamwambia mama, "Mivukuto inayokipa kinanda pumzi, ngozi yake aliishona marehemu. Nilipoliona jeneza, mikono ilikataa."

Mama akaziba mdomo. Baba alikuwa mshona viatu; kinanda hakuwahi kututajia.

Hasira sina, mwanangu. Ila kabla hujakigusa tena hicho cha huko, uliza nani alikishonea ngozi, umwombee dua.

Bibi yako,
Mwajuma