Picha ya Juu ya Kabati

6 Februari

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima na goti limeacha kukutabiria mvua. Mimi sijambo, kazi zinakwenda. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe hujibu "mm" na "haya", na nikikuuliza jambo refu unasema mtandao mbovu.

Maktaba yetu inaandaa maonyesho ya picha za studio za zamani. Nilikuwa kikaoni, nikapayuka kwamba baba yangu alikuwa na studio miaka thelathini na sita. Ulimi hauna mfupa. Sasa wanataka picha nne unazozipenda kuliko zote, na kila moja na habari yake: nani huyo, ilikuwaje, kwa nini unaipenda. Usiniandikie "ilitoka vizuri".

Tatu chagua wewe. Ya nne nimekwisha kuichagua mimi: ya mama, ile ya juu ya kabati. Wataikuza iwe ndefu kama mlango na watu wataikuta pale wanapoingia. Maneno ya chini nitaandika mwenyewe. Lakini nisimulie siku uliyompiga picha, maana nimegundua hujawahi kunisimulia.

Tunafungua tarehe kumi na tano Aprili. Msalimie shangazi.

Mwanao wa pekee

20 Februari

Marahaba mwanangu, mama.

Barua imefika. Mimi mzima. Goti limehamia kwenye kiuno. Shangazi yako anakusalimu, anasema umesahau njia ya nyumbani.

Nimezitazama picha siku sita. Zilizotoka vizuri ni nyingi, na sizipendi. Nakutumia hizi.

Ya kwanza ni fundi cherehani. Unalikumbuka koti jeusi la studio. Wanaume wote walipigwa nalo, wanene kwa wembamba, maana mgongoni lilikuwa limepasuliwa na nililibana kwa vibanio vya nguo. Fundi alipolivaa alikunja uso. Alisema kola imekaa upande, na hawezi kuingia kwenye picha na kazi mbaya ya mtu mwingine. Alilivua, akatoa sindano na uzi mfukoni, akalishona palepale huku wateja watatu wakisubiri. Itazame kola upande wa kulia: sindano imesahaulika hapo. Nilimwambia nitaifuta kwa penseli. Unajua nilikuwa nafuta chunusi, makovu, hata mkono wa bwana harusi wa zamani uliobaki begani kwa mtu. Akanikataza. Alisema, "Iache, watu wajue nilikuwa kazini."

Ya pili ni ndugu wawili kwenye benchi. Walikuwa hawasemezani. Mama yao mgonjwa alitaka picha yao wakiwa pamoja, nao hawakutaka kukaa chumba kimoja. Nikampiga mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano, nikawaunganisha kwenye chumba cha giza cha kusafishia. Niliona nimefanya kazi safi. Mama yao aliishika picha karibu na macho, akasema, "Huyu kivuli chake kinakwenda kushoto, na huyu kulia. Nyumba gani hiyo yenye majua mawili?" Nilikuwa nimesahau kwamba Jumatano taa niliihamisha. Akaicheka, akaitundika hivyohivyo. Alikufa ikiwa ukutani. Wale ndugu hawajapatana mpaka leo.

Ya tatu ni nesi aliyelala kitini. Unaijua desturi yangu: mlio wa kwanza kamera ilikuwa tupu. Mtu akisikia "kacha" hudhani yamekwisha, mabega yanashuka, uso unarudi kuwa wake. Hapo ndipo natia filamu na kupiga ya kweli. Nesi alitoka zamu. Nilipobonyeza tupu, mabega yalishuka na yeye akashuka nayo. Nilimwacha alale mpaka mchana, nikasogeza wateja kwenye benchi la nje. Alipoamka aliuliza kama ametoka vizuri.

Ya nne nitakuandikia.

Baba yako

2 Machi

Shikamoo Baba,

Pole na kiuno. Hapa wote wazima, isipokuwa mkuu wa maktaba ambaye ana ugonjwa wa kuniuliza picha ya nne iko wapi.

Habari zako zimewachekesha watu, hasa majua mawili. Mwenzangu wa meza ya pili ameisoma ya nesi mara mbili, kisha akaenda kulala kwenye stoo.

Lakini Baba, nakujua. Ukiandika "nitakuandikia" ina maana hutaki. Kama inakuuma kumsimulia, andika mistari miwili tu. Alikaa wapi, nani alichagua ile blauzi yenye vifungo vingi, mimi nilikuwa wapi. Siku ya mahafali yangu nilisukwa nywele kama zake, na hukusema neno. Nilifikiri umejaa machozi. Nataka kujua alikuwa anamtazama nani vile.

Nasubiri.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, mama.

Nakusalimu sana. Shangazi yako mzima. Mimi pia ni mzima, kwa hiyo haya nayaandika nikiwa na akili zangu.

Yule mwanamke wa juu ya kabati si mama yako.

Ni mteja. Alikuja Jumamosi moja peke yake, akapigwa, akasema atarudi Alhamisi kuzichukua. Hakurudi. Nilikuwa na droo ya wasiorudi, nikamtia humo. Jina lake silijui.

Picha ya mama yako haipo. Wanasema kinyozi hajinyoi. Filamu ya harusi yetu niliisafisha mwenyewe siku ya pili yake, kwa haraka ya bwana harusi, nikaitia kwenye dawa ya mwisho kabla ya dawa ya kwanza. Ilitoka nyeupe kama maji. Mama yako alicheka, lakini akaniwekea nadhiri kwamba hatakaa tena mbele ya kamera yangu mpaka ajisikie. Alijisikia wewe ukiwa na miezi minane. Alikaa kitini, na wewe ulikuwa sakafuni kwenye mkeka. Nikambonyezea tupu, kama kila mtu. Mabega yakashuka, uso ukaja wake. Hapohapo ukaanza kulia, akainuka akakubeba. Akasema, "Umeshapata yako, hiyo inatosha." Nilimwambia kamera ilikuwa tupu. Akasema basi kesho. Kesho yake walikuja watu wa harusi. Wiki ya tatu aliugua, na ya nne tukamzika. Kitambulisho chake ofisi ilikichukua walipotupatia cheti cha kifo.

Ulipokuwa na miaka minne ulirudi kutoka shule ukiwa umeona picha ya mama wa mwenzako. Uliniuliza wa kwako yuko wapi. Nilifungua droo bila kufikiri, mkono ukamwangukia yule. Ulimtazama, ukasema, "Ana kidoti shavuni kama changu." Mimi nilikuwa sijakiona hicho kidoti. Baada ya hapo nilishindwa kurudi nyuma. Shangazi yako alijua, nikamfunga mdomo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na saba.

Ningeweza kunyamaza hata sasa. Lakini yule ni mtu, pengine ana watoto wake, na mmoja anaweza kuingia mlangoni kwenu amkute mama yake ameandikwa jina la mama wa mwingine.

Nisamehe. Sina namna nzuri ya kuliandika hili.

Baba yako

20 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Shangazi yako ameniambia mlifungua salama, basi nami nimejua kwamba yeye unamjibu.

Siandiki kujitetea. Nimemshusha yule mama. Ukutani pamebaki mraba mweupe na msumari wake. Kila ninapopita nautazama.

Baba

9 Juni

Shikamoo Baba,

Natumai mwili hauna neno. Mimi ni mzima. Mwezi wa Machi na wa Aprili sikuwa mzima, na sikutaka kukuandikia nikiwa vile.

Nilikukasirikia sana. Sikukasirikia uongo wa mtoto wa miaka minne. Huo hata mimi ningeusema. Nimekasirikia mahafali. Nilikuwa mtu mzima, nimesukwa nywele za mteja wako, na ukaniacha nikapigwa picha hivyo.

Mlangoni tuliweka ndugu wawili. Watu walisimama wakihesabu vivuli.

Yule mama usimrudishe kwenye droo. Nilipofeli hesabu nilimgeuza aangalie ukuta asinione. Nilipopata kazi nilimwambia yeye kwanza, kabla yako. Nitumie, nitakaa naye mpaka wenyewe watokee.

Sasa sikiliza. Cheti kinasema mama alikufa ana miaka thelathini na miwili. Mimi nimeitimiza mwezi uliopita. Wewe ndiye mtu pekee aliyeuona ule uso baada ya mlio wa kwanza. Humu ndani kuna picha zangu mbili, zote sawa. Nimepigwa na yule mwenzangu wa meza ya pili, na nilimwambia adanganye kwanza kwamba amemaliza. Moja kaa nayo. Kwenye nyingine chukua penseli yako ufute pale nisipofanana naye, uongeze kinachopungua. Kisha unirudishie.

Usiniambie mkono unatetemeka. Najua unatetemeka.

Mwanao

30 Juni

Marahaba mwanangu, mama.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikasahau kiuno. Salamu za shangazi ziko mwishoni.

Kuhusu mahafali una haki.

Penseli niliitafuta siku tatu, na mkono niliusubiri wiki mbili. Asubuhi hutulia kidogo kabla ya chai. Nimegusa mahali pawili. Nimeinua pembe ya kushoto ya mdomo, maana yeye alikuwa akicheka upande mmoja. Na kidoti nimekifuta. Hakuwa nacho, hicho ni chako mwenyewe. Kwingine kote nilishusha penseli nikaiinua tena, haikupata kazi. Hiyo ndiyo unayoipata humu, pamoja na yule mama.

Ile ambayo sikuigusa nimeitundika kwenye msumari wa juu ya kabati. Juzi shangazi yako alikuja. Aliingia akiongea, kama kawaida yake, akasimama katikati ya chumba. Hakunisalimu. Alisema, "Siku zote uliniapia kwamba hukuwahi kumpiga picha."

Nikamwambia atazame kidoti.

Alisogea, akatazama, akakaa kitini. Anauliza unakuja lini.

Baba yako