Marahaba ya Mtaroni

Jumanne, jioni

Na simu alikuwa nayo mkononi, dereva yule. Nilimwona vizuri, macho yake yako kwenye simu, gari linakuja upande wangu kama barabara yote ya Morotonga ni ya baba yake. Nikapiga kengele. Nani anasikia kengele ya baiskeli akiwa amefunga vioo?

Nikaingia mtaroni na baiskeli, na madaftari ya darasa la nne, na goti langu hili ambalo sasa limevimba kama andazi.

Akasimama. Akarudi nyuma, akashusha kioo. Kijana tu, mdogo kuliko binti yangu. Nilikuwa nimeshaandaa matusi, ya Kiswahili na ya Kikurya.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," nikajibu.

Lilitoka lenyewe. Miaka yote hii naitikia watoto mlangoni mwa darasa, leo mdomo haukunisubiri.

"Pole, mama, sikukuona." Na koti la njano nililovaa? Akapandisha kioo, akaondoka kama mtu aliyesamehewa. Hata namba za gari sikuzisoma.

Kesho napita palepale, njia nyingine sina. Naogopa, nisijidanganye.

Rhobi, binti yangu, alipokuwa ananikanda goti kwa maji ya moto, aliuliza nilimwambia nini huyo mshenzi. Nikamwambia nilimtukana mpaka akatetemeka.

"Huyo ndiye mama yangu," akasema, akaendelea kukanda.