Kikao cha Kamati ya Zahanati ya Gidahaya Kuhusu Maswali Wanayouliza Kina Mama Mtandaoni

TAREHE: Alhamisi, 16 Mei 2024
MAHALI: Chumba cha kliniki ya watoto, Zahanati ya Gidahaya, Hanang

WALIOHUDHURIA
Ndg. Philemon Tluway – Mwenyekiti
Ndg. Godlisten Kimaro – Mganga Mfawidhi, Katibu
Mzee Yonas Hhando – Mjumbe
Bi. Tekla Gidabuday – Mjumbe, upande wa wafugaji
Bi. Rahel Mwakyusa – Mtafiti, mwalikwa

HAKUHUDHURIA
Ndg. Pascal Awe – udhuru, amepeleka ng'ombe joshoni

KUMB. NA. 1/05/2024: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi, mvua ilipopungua.

KUMB. NA. 2/05/2024: TAARIFA YA MTAFITI
Bi. Rahel alieleza kwamba watu 64 wa hapa na vijiji jirani walikubali kwa hiari kumpa orodha ya mambo ya afya waliyotafuta kwenye simu zao, bila majina, ili ijulikane kwa nini wengine hawafiki zahanati. Walitafuta homa ya mtoto, dawa ya minyoo na saa za kufungua. Lakini swali lililoongoza kwa wanawake lilikuwa: "mganga mwanaume anaruhusiwa kuzalisha". Liliulizwa mara 23.

Katibu, ambaye ndiye mzalishaji pekee hapa kwa miaka sita, aliomba lisomwe tena. Lilisomwa. Katibu aliomba kutoka kidogo akanawe mikono. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 3/05/2024: MJADALA
Mzee Yonas alidai majina. Alisema, "Huyu kijana ametuzalishia wajukuu. Nani anamdharau?" Bi. Rahel alijibu kwamba majina hana, na angekuwa nayo asingeyatoa. Mzee Yonas alisema utafiti usio na majina ni umbea. Mwenyekiti alimwomba afute neno hilo. Hakulifuta.

Katibu aliporudi, Bi. Tekla alisimama na kusema, "Mimi ni mmoja wao. Niliuliza mara tatu, simu haikunisaidia. Uchungu ukaanza, nikaja hivyo hivyo. Daktari huyu alinifunika shuka, akaniongelesha habari za mahindi ya kwao mpaka nikasahau aibu. Lakini wenzangu hawajui hayo, wanajifungulia nyumbani. Na wengi kule kwetu hawana simu, hawamo kwenye hesabu yako, dada."

Bi. Rahel aliliandika hilo. Katibu alisema hana kinyongo, ila alisikia uchungu.

KUMB. NA. 4/05/2024: MAAZIMIO
Katibu mwenyewe alipendekeza iandikwe barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kuomba muuguzi mkunga mwanamke. Mzee Yonas alipinga vikali, kwa hofu kwamba Katibu atahamishwa. Iliazimiwa barua iseme "kuongezewa", si "kubadilishiwa", na neno hilo lipigiwe mstari. Mzee Yonas aliomba mistari miwili. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 5/05/2024: MENGINEYO
Bi. Tekla alimwita mkwe wake Fransiska, mjamzito wa miezi minane, aliyekuwa akisubiri barazani. Aliwaamkia wajumbe shikamoo, akaonyeshwa chumba cha kujifungulia. Aliuliza jambo moja tu: "Mlango unafungwa kwa ndani?"

Katibu alikiri kwamba haufungwi, na kwamba kwa miaka sita hakuwahi kulifikiria. Mzee Yonas aliondoka bila kuaga. Alirudi na komeo la mlango wa nyumba yake, akalipigilia mwenyewe. Fransiska alilijaribu mara mbili, akasema atakuja.

Mwenyekiti aliwashukuru wote na kufunga kikao saa 7:05 mchana.

......................
P. Tluway, Mwenyekiti

......................
G. Kimaro, Katibu