Ncha Mbili za Waya

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Baridi ya Iringa leo imeingia mpaka mifupani. Na kichwani mwangu — giza tupu.

Fundi Kalinga, mwalimu wetu wa karakana, kasema Ijumaa mtihani wa vitendo. Atakayefaulu anaendelea na umeme. Atakayeshindwa anahamishiwa uashi. Uashi! Mama ameshatangazia kanisa zima kule Mbeya kwamba mwanawe anarudi fundi umeme. Nikirudi na mwiko mkononi nitapita njia gani?

Kazi yenyewe: betri mbili, kubwa ya gari na ndogo ya mawe mawili ya tochi, kila moja kupitia resista yake, yaani kizuizi cha umeme, zinapeleka umeme kwenye resista moja ya katikati. Pima mkondo wa hapo katikati kwa miliampea, betri zikiwa zote. Halafu pima kila betri peke yake. Ukijumlisha hizo mbili, lazima upate ile ya pamoja. Ndiyo sheria. Mzungu aliyeileta yuko likizo Ulaya. Fundi anasoma makaratasi yake tu.

Rahisi, nikajisemea. Mjinga mimi!

Jumanne, 6 Agosti

Zote pamoja: 150. Nikatoa ndogo. 150 ileile! Nikagonga kioo cha mita. 150. Basi hii ndogo kazi yake nini, kukaa tu? Nikairudisha, nikatoa kubwa. Ndogo peke yake — 75. Kumbe inafanya kazi!

150 na 75 ni 225. Mbona zikiwa pamoja ni 150? Ee Kyala, Mungu wangu! Nyingine inaenda wapi?

Silvester, mwenzangu wa meza, Mhehe wa hapahapa, kacheka mpaka machozi. Eti Wanyakyusa tumezidi kula ndizi, hesabu haziingii. Nikamwambia haya, pima wewe. Kapima. 225. Kagonga kioo na yeye.

Jumatano, 7 Agosti

Nimebadilisha waya zote. 225.

Nikamwita Fundi. Katazama, kakuna kichwa, kasema mikono yangu ina haraka, nirudie. Hajui! Nimemwona machoni. Mtu aliyetandaza waya nusu ya mji huu, hajui. Nimeogopa kweli.

Silvester kapata dawa: ataandika 75 na 75. Jumla 150, Fundi afurahi, mambo yaishe. Kasema shauri yangu, nitapaka udongo huku nasema kweli.

Nimemkasirikia. Na nimejikasirikia mimi, maana ile 75 yake naitamani.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeona kitu! Au sijaona?

Nikitoa betri, pale naacha pengo. Yaani nimeondoa betri, nimekata na njia yake! Kwetu chemchemi moja ikikauka hatufukii mfereji wake. Maji ya upande wa pili bado yanapita humo. Kwa hiyo ncha mbili za waya zinazobaki — inabidi ziungane.

Ziungane! Kila asubuhi Fundi anasimama mlangoni mwa karakana: "Ncha mbili wazi?" Nasi wote: "Hazikutani!" Ni tangu mwanafunzi mmoja aunganishe ncha za betri ya gari, kiganja kikaungua. Atakayevunja amri hiyo anatolewa nje. Ndiyo maana hakuna aliyewahi hata kujaribu.

Lakini betri si nimeshaitoa? Kitaungua nini? Sijui. Labda kuna kitu. Sijui kabisa!

Ijumaa, 9 Agosti

Niko nje, juu ya rundo la matofali ya waashi.

Nilitoa ndogo. Nikazikutanisha ncha. Hakikuungua kitu! Mshale ukashuka — 100! Mia kamili! Namba hiyo sijawahi kuiona wiki nzima. Sasa kama ndogo peke yake itanipa 50, basi —

Sikuipima. Fundi aliona vidole vyangu. "Ncha! Toka! Toka nje!" Nikaanza kueleza, kanisukuma begani. Silvester hakuinua hata macho. Aliandika 75 zake.

Wenzangu wameshatoka kwenda kula. Wamenipita kama mwenye ukoma. Silvester kanong'ona pole, kaendelea na safari. Mama nitamwambia nini? Nilikuwa sahihi au nimejiponza bure? Mia moja niliiona. Niliiona!

Fundi Kalinga kabaki ndani peke yake. Namwona dirishani. Amesimama kwenye meza yangu. Anasoma makaratasi ya Mzungu. Ameyaweka. Ametazama mlango.

Amerudisha ndogo, anatoa ile kubwa — kipimo kile nilichokosa! Ameshika zile ncha mbili, moja huku, moja huku. Anazisogeza. Ametazama mlango tena —